Vidani vya rezini vinanata na vina mapovu: vipi vya kuokoa, vipi vya kuweka kando

Suali: Asalaam alaykum bibie. Mie niko Wete, nimeanza kazi ya vidani na herini za rezini, natia asumini na karafuu za kwetu. Nna oda ya vidani 30 vya kugawa harusini mfunguo tatu. Nimemimina vyote 30 pamoja kwa pigo moja. Vingine vina mapovu, vingine leo siku ya nne bado vinanata, vingine vimefanya ukungu mweupe juu, na asumini imegeuka rangi ya chai. Shoga yangu ananambia niuze ivo ivo, ati kazi ya mkono ndo ilivyo na watu wanapenda. Nitupe nianze upya au vinatengenezeka? Na rezini nilouziwa haina maandishi, nilitiliwa kwenye chupa za maji.

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Usitupe kitu kwanza. Vipange vyote kwenye sinia uvitizame mchana, mwanga wa dirishani, taa ya usiku inaficha mambo, halafu tuvigawe mafungu maana hapo una matatizo kama manne tofauti na kila moja lina dawa yake.

Shoga yako kasema kweli nusu. Ipo kasoro ya sura, povu, mchubuko, ua lililobadilika rangi, ukingo usiokaa sawa, hizo ni zako wewe na jicho lako, unaweza ukaziacha, ukazifunika, au ukazigeuza zikawa ndo pambo lenyewe na mnunuzi akakipenda kidani kwa sababu hiyo hiyo. Halafu ipo kasoro ya kukauka, na hiyo haina mjadala. Kidani kinachonata hakijawa kidani, ni dawa mbichi bado. Epoksi, ndo rezini ya kazi za vidani, ikishakauka barabara kwa watu wengi haina neno na ngozi, lakini mbichi, na khasa ile hadina yake, dawa ya kuigandisha, inawasha, na ubaya wake ngozi ya mtu ikishaikataa basi anaweza akabaki na aleji ya epoksi maisha yake yote, kila akiigusa anatoka vipele. Na shingo za huku kwetu zina jasho kutwa. Kwa hiyo kinachonata hakiuzwi, hata kwa bei ya chee, hata kwa mtalii anayepanda ndege kesho. Na wewe mwenyewe unapovishika vaa glavu, zile za naitrili, na ikikugusa mkononi osha kwa maji na sabuni, usijifute kwa spiriti wala asitoni, inaiyeyusha na kuisukuma ndani ya ngozi.

Sasa hilo la chupa za maji ndo limenishtua kuliko mapovu yote. Huku kwetu ukenda dukani ukasema nataka rezini unaweza kupewa vitu viwili ambavyo havihusiani. Kuna epoksi, inakuja chupa mbili, A ya rezini na B ya hadina, unachanganya kwa vipimo vinavyokaribiana, moja kwa moja au mbili kwa moja, harufu yake ndogo tu. Na kuna poliesta, hiyo ndo ya mafundi wa faiba wanaotengeneza boti na matangi, inauzwa kwa dumu na kichupa kidogo cha kichocheo ambacho unatia asilimia moja mpaka mbili hivi, na ukiifungua harufu inafika kwa jirani. Poliesta si mbaya, ila ile ya boti mara nyingi imetengenezwa makusudi uso wake ubaki unanata ili tabaka linalofuata lishike, oksijeni ya hewani ndo inayouzuia ule uso usikauke. Kwa hiyo angalia, ikiwa upande uliolala kwenye kalibu ni mkavu na mgumu lakini upande uliokuwa wazi ndo unaonata, wote sawasawa, na nyumba ilinuka siku ile, basi nna hakika karibu yote kwamba umeuziwa poliesta. Dawa yake ni kuufuta huo uso kwa asitoni, ukishakauka ukaupiga msasa, na siku nyengine ukimimina ukaufunika kwa karatasi ya plastiki ngumu ili hewa isiguse. Lakini kwa kazi ya vidani mie nakushauri uachane nayo, inakula kalibu za silikoni haraka, moshi wake haufai ndani ya nyumba yenye watoto, na ikikauka inasinyaa kuliko epoksi.

Rudi kwa aliyekuuzia akuoneshe dumu alilotilia, piga picha ya lebo. Si ugomvi, unataka kujua vitu vitatu tu: ni epoksi au siyo, kipimo chake ni ngapi kwa ngapi, na hicho kipimo ni cha ujazo au cha uzito. Asipokuwa na lebo usinunue tena, maana utakuwa unabahatisha kila siku.

Tuchukulie ni epoksi, tuvitizame vinavyonata. Chukua kijiti cha meno, gusa kila kimoja pahala tofauti. Utakuta mojawapo ya haya.

Kuna vile ambavyo ukivigusa vinateleza kama vimepakwa mafuta, juu pana utando mweupe au ukungu, lakini kijiti hakizami, chini ni kigumu. Hivyo vimeshakauka mwanangu, usihangaike. Ule utando ni hadina iliyokutana na unyevu na hewa ya ukaa kabla haijamaliza kushikana na rezini, na masika hii huko Wete unyevu uko kila pahala, hata chumvi jikoni inalia. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone moja na sponji laini, utando wote unatoka. Anza na maji, usianze na spiriti, maana kitu chenyewe kinayeyuka kwa maji, spiriti inakitandaza tu. Kausha, piga msasa mwembamba, na ukitaka king'ae tena mimina tabaka jembamba jipya. Ukimimina juu yake bila kuosha tabaka jipya litajikunja na kufanya mashimo mashimo, au litabanduka baadae mteja akiwa nacho. Ule wa juu unaoshwa, ila kama ukungu umo ndani kabisa ya kidani basi huo hautoki, unyevu ulichanganyika humo humo, na hiyo sasa ni kasoro ya sura, tutaifikia.

Kuna vile vinavyonata sehemu sehemu, hapa pagumu hapa pana kama asali. Hapo hukuchanganya vya kutosha. Watu wengi wanakoroga katikati ya kikombe, ile iliyoganda ubavuni na chini haijaguswa, halafu mwisho wanakikwangua kikombe wakamalizia nayo kwenye vidani vya mwisho, ndo maana nnashuku vyako vinavyonata ni vile ulivyomimina mwisho. Kwangua yote iliyo mbichi kwa kisu butu, futa kwa spiriti, acha ikauke, halafu tia rezini mpya iliyochanganywa vizuri juu yake. Kinapona kabisa na hutojua kiliumwa wapi.

Kuna vile vilivyokauka lakini ni laini vyote, ukikikunja kinakubali. Hapo ni kipimo, ama hadina ndogo ama kubwa. Viweke pahala pa joto siku mbili tatu, kwenye gari lililofungwa mchana ni pazuri, ikiwa vilikuwa vinachelewa tu vitakaza. Visipokaza basi, hivyo ndo vya kuweka kando, hakuna cha kupaka juu kitakachokitengeneza ndani. Na usimsikilize anayekwambia ongeza hadina kidogo ikauke haraka, hii si pilipili kwamba ukizidisha mchuzi unakuwa mkali zaidi, kila chembe ya rezini inataka chembe yake ya hadina, ikizidi hadina inabaki bila mwenza na kidani kinabaki laini milele.

Fungu la mwisho ni vile vigumu pote isipokuwa pembeni ya ua au karafuu, hapo panataka maelezo marefu kidogo, nakuja.

Kipimo kwanza nikimalize. Nunua mizani ndogo ya sonara, ile ya kusoma sehemu ya gramu, ndo kifaa cha maana kuliko vyote kwenye kazi hii, kalibu nzuri na poda za rangi zije baadae. Lakini soma lebo, ikisema moja kwa moja kwa ujazo usiende kupima gramu kwa gramu, rezini ni nzito kuliko hadina, ukipima gramu sawa umeshazidisha hadina. Kwa ujazo tumia vikombe vya dawa vyenye mistari au bomba la sindano, moja la A na moja la B, usiyachanganye. Koroga taratibu dakika tatu, kila mara ukipitisha kijiti ubavuni na chini, halafu hamishia kikombe kingine kisafi ukoroge dakika moja tena, na kile cha kwanza usikikwangue.

Na usimimine 30 kwa pigo moja. Kidani cha duara la sentimita 3 chenye unene wa nusu sentimita kinakula kama mililita 3 na nusu, kwa hiyo 30 ni zaidi ya mililita 100, na epoksi inapokauka inatoa joto lake yenyewe, ikiwa nyingi ndani ya kikombe kimoja na chumba chenyewe kina digrii 30, inapata moto, inaanza kuwa nzito kabla hujafika kidani cha kumi na tano, na hapo ndo mapovu yanakwama maana hayana pa kupitia. Ikizidi inatoa moshi na kikombe kinayeyuka. Changanya ya vidani kumi, mimina, pumzika, changanya tena. Ukipunguza sana nako si vizuri, kwenye mililita tano kosa la tone mbili tatu linahesabika.

Na wakati wa kumimina chagua. Watengenezaji wengi wanataka unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 60 hivi, masika huku kuupata huo ni kazi, lakini siku isiyo na mvua saa saba saa nane mchana hewa huwa kavu kuliko saa tatu usiku watoto wakishalala, ambao ndo wakati wengi wetu tunafanya kazi. Kama una chumba chenye kiyoyozi kiwashe mapema kikaushe hewa, feni haikaushi, inarusha vumbi tu. Usipokuwa nacho chukua kontena kubwa la plastiki lenye kifuniko, tandika vile vipaketi vya silika jeli vinavyokuja kwenye mabuksi ya viatu na mikoba, vingi, weka kalibu ndani ufunge mpaka kesho yake, unaepuka unyevu, vumbi na sisimizi kwa pamoja. Chupa ya hadina nayo ifunge ukishamimina tu, inanyonya unyevu ikiwa wazi.

Haya, asumini. Hili nakwambia wazi ili na wewe umwambie mwenye harusi mapema: asumini nyeupe ndani ya rezini haibaki nyeupe. Ua lile ni maji matupu, ukilitia bichi yale maji yanazuia rezini kukauka pembeni yake, ndo ule unato unaozunguka ua, yanatoa mapovu, na ua lenyewe linaendelea kuoza humo ndani mpaka linakuwa rangi ya majani ya chai yaliyotumika. Kulikausha ni lazima. Usilianike juani, jua linalichoma linakuwa kahawia kabla hujaanza. Lizike ndani ya silika jeli ya chengachenga kwenye kopo linalofunga, siku tatu mpaka tano, lisikike kavu kabisa, ukilibana linavunjika. Hata hivyo litatoka rangi ya krimu. Na kuna jengine, petali nyeupe nyembamba ikiingia kwenye rezini inanyonya na kuwa kama karatasi iliyolowa mafuta, inaonesha mpaka upande wa pili, kwa hiyo kabla ya kumimina ipake gundi nyeupe ya skuli iliyozimuliwa, mkono mmoja mwembamba, ikauke siku nzima. Wapo wanaopaka rangi nyeupe ya akriliki juu ya ua kavu ili lionekane bichi, mie siipendi, linakuwa ua la plastiki na bora basi ungenunua la plastiki.

Ukitaka rangi inayodumu, huko kwenu kila ua wa nyumba una bogenvilia. Yale majani yake ya rangi kwa asili ni makavu, yabane ndani ya kitabu kizito wiki moja mbili, yanashika uwaridi na uzambarau wao vizuri kuliko maua mengi. Kilua mie situmii zima, ni nene mno, natia petali moja iliyokaushwa.

Karafuu kila mtu anadhani ndo rahisi kwa sababu imeshaanikwa jamvini na ni kavu. Maji haina, kweli, lakini ina mafuta, asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wa karafuu nzuri ni mafuta, hata makonyo yake yanayo, kiwanda cha kuyakamua kipo huko huko Pemba. Sasa ndani ya epoksi mafuta yale yanafanya rezini isishike vizuri kwenye karafuu, unaona kama pana kioo cha fedha kimeizunguka, ile ni hewa imekaa katikati. Na ukija kutumia ile rezini ya kukaushwa kwa taa, wengi siku hizi wanaikausha kwa taa ya kucha za jeli za saluni, hapo ndo balaa, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujinoli, na yujinoli inazuia rezini za aina hiyo zisigande. Madaktari wa meno wanalijua hili zamani, dawa ya kuziba jino yenye mafuta ya karafuu hawaweki chini ya ile sementi nyeupe ya kukaushwa kwa taa kwa sababu hiyo hiyo. Nakwambia mapema maana najua utashawishika kukimbilia rezini ya taa ili umalize oda haraka. Kwenye karafuu usiitumie, au uizibe karafuu kwanza. Kuiziba: ifute kwa kitambaa chenye spiriti, iache ikauke, ipake ile ile gundi nyeupe mara mbili, kila mkono ukauke kabla ya mwengine, halafu ndo uiweke kwenye epoksi. Chagua zenye vichwa vyake, zisizo na kichwa zinaonekana misumari.

Na mteja akikuuliza kama kidani kitanukia karafuu au asumini, mwambie hapana. Rezini inafunga kila kitu, harufu haitoki. Usijaribu kuacha kichwa cha karafuu nje ya kidani kwa nyuma ili kinukie, mafuta yake yakisuguana na ngozi yenye jasho yanachoma.

Mapovu. Mengi yanaingia wakati wa kukoroga na mengine yanatoka ndani ya kitu ulichotia. Ya kukoroga unayapunguza kwa kuikalisha chupa ya rezini, ile A peke yake, ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu dakika kumi kabla ya kuchanganya, inakuwa nyepesi na mapovu yanapanda wenyewe, ila siku ya joto kali ruka hatua hii maana itakauka mikononi mwako. Maji yasiingie ndani ya chupa, hata tone. Ukimaliza kukoroga iache itulie dakika tatu nne, mimina kwa uzi mwembamba, jaza nusu kalibu, weka ua, toboa mapovu kwa kijiti, halafu malizia. Laita ukiipitisha juu kwa haraka yanapasuka, lakini ipitishe tu usisimame, moto ukikaa unachoma kalibu na unaipa rezini umanjano, na chupa ya spiriti iwe imefungwa na mbali. Ya kutoka kwenye ua na karafuu unayazuia kwa ile gundi, au kwa kukichovya kitu kwanza kwenye rezini kikalowa kila pembe kabla hakijaingia kalibuni.

Hivyo vyenye mapovu ulivyo navyo sasa hebu tuvisome. Povu lililozama ndani, dogo, pembeni ya ua, liache. Wallahi liache, ukianza kulichimba utaacha kovu kubwa kuliko povu. Povu lililo juu lenye mdomo wazi usiliache, linakusanya uchafu na mafuta ya mwili, baada ya mwezi ni doa jeusi. Hilo lipanue kwa drili ndogo ya mkono, futa vumbi, tia tone la rezini kwa ncha ya kijiti lizidi kidogo juu, likikauka lisawazishe kwa msasa. Na badala ya rezini tupu unaweza kuchanganya poda ya dhahabu ya mapambo ukalijaza, ukayajaza na matatu manne mengine hata yale ambayo hayakuwa na shida, yakatawanyika vizuri, na hapo ndo ile kazi ya mkono anayoisema shoga yako. Moja peke yake linaonekana kiraka.

Kwa oda ya harusi ningefanya hivi. Zawadi za harusi watu wanazilinganisha, hiki changu kimoja chako kingine, kwa hiyo hutaki 30 ambavyo kila kimoja kina ugonjwa wake. Vyote vilivyo vigumu, vyenye ukungu wa ndani, mapovu ya nyuma, asumini ya rangi ya chai, vipige msasa upande wa nyuma tu, vioshe, vikauke, halafu vimiminie nyuma tabaka jembamba la rezini yenye rangi moja kwa vyote, kijani kibichi kilichoiva au kahawia nyeusi, na vumbi kidogo la dhahabu. Mapovu ya nyuma yanapotea, ukungu hauonekani sana kwa sababu mwanga haupiti tena, na ile asumini ya chai pamoja na karafuu kwenye uso wa giza zinakaa kama zilipangwa ziwe hivyo, krimu, kahawia, dhahabu. Ile nyeupe imeshapotea, na kwenye kidani cha wazi kitupu asumini ya chai inaonekana imeoza, kweli, sikudanganyi. Vipya utakavyoongezea kufikia idadi vitie nyuma hiyo hiyo na vitafanana na wenzao.

Vyenye michubuko mingi kwa mbele usihangaike kuvirudishia kioo, vipige msasa namba 600 uso mzima kwenye maji, vibaki na ukungu laini sawasawa. Ni nzuri sana kwa herini, na jasho na alama za vidole hazionekani. Ukitaka mng'aro basi ni 400, 600, 1000, 1500, 2000, kisha polishi ya gari na kitambaa. Siku zote msasa wa maji na barakoa, vumbi la rezini si la kuvuta. Na ukitaka kung'aa bila taabu yote hiyo angalia kalibu yako, ikiwa ndani haing'ai, kidani nacho hakitong'aa, nunua nyengine.

Kilichopinda kwa sababu ulikitoa mapema kitumbukize kwenye maji ya moto dakika mbili tatu, kitalainika, kilaze juu ya kigae cha sakafu na kitu kizito juu mpaka kipoe. Vilivyovunjika lakini vikavu kabisa vivunjevunje, chenga zake zitie ndani ya kidani kipya, rezini ya aina moja ikiingia kwenye mwenzake mipaka haionekani sana, zinabaki zile rangi na maua tu zikielea. Vile laini visivyokaza usivivunjie humo, vitaharibu na kipya.

Mara nyingi naulizwa pia kufunika kasoro kwa vipande vya matumbawe au gamba la kasa. Gamba la kasa usiliguse kabisa, ni marufuku, na matumbawe mteja wako akiondoka nayo nje ya nchi bila kibali atashikwa uwanja wa ndege. Chukua mchanga wa pwani uuoshe kwa maji matamu mpaka chumvi iishe, ukaushe jikoni kwenye sufuria, au vipande vya ukili uliotiwa rangi, vinapendeza kuliko vyote na havitoi maji.

Muda unao, mwezi mmoja unatosha. Wiki hii ulizia ile rezini, kausha maua. Wiki ijayo mimina kumi kumi, siku za jua. Tundu la pete ya mkufu toboa kwa drili ya mkono baada ya siku tatu si kabla, na utoboe kutoka mbele kwenda nyuma huku kidani kimelala juu ya kipande cha ubao, la sivyo kinabanjuka upande wa pili. Halafu usivitie kwenye vifuko vya nailoni mara tu vikishaonekana vikavu, epoksi nyingi zinataka kama siku saba kukomaa, ukivifunga mapema vinachukua alama za kile kifuko usoni. Viache kwenye sinia, umevifunika kwa kawa visipate vumbi, siku ya nane ndo uvipange. Na vile vilivyobaki laini vifunge kwenye kopo uviweke mbali na watoto, usivichome moto uani.